Kiangazi cha Uvuvi Kipimwe kwa Kipimo Gani?

Ilembo haina ufuko. Kutoka kata hii ya mji wa Mpanda hadi maji ya Ziwa Tanganyika kule Karema ni mwendo wa zaidi ya kilomita 100, na wengi wa wakazi wake hawajapata kutia mguu ndani ya mtumbwi. Hata hivyo kila jioni ya kiangazi ziwa huja lenyewe Ilembo, likalala juu ya meza za wachuuzi katika mafungu ya dagaa na migebuka waliokaushwa kwa moshi. Na mfanyakazi atokaye kibaruani hulipima ziwa zima kwa fungu lile. Fungu likinenepa, husema mwaka ni mwema. Likikonda kwa bei ile ile, husema ziwa limekwisha.

Tangu mwaka 2024 mazungumzo hayo yamekuwa mazito kuliko ilivyozoeleka. Katika mwaka huo, kuanzia tarehe 15 Mei hadi tarehe 15 Agosti, Serikali ilisimamisha uvuvi katika maji ya Tanzania ya ziwa hilo, yaani katika mikoa ya Kigoma, Katavi na Rukwa. Hatua hiyo ilitokana na makubaliano yaliyofikiwa Desemba 2021 na nchi nne zenye ziwa: Burundi, Kongo, Tanzania na Zambia. Kilikuwa kiangazi cha kwanza ambacho taa za wavuvi hazikuonekana usiku katika pwani ya Karema na Ikola kwa miezi mitatu mfululizo. Na tangu hapo kila mtu amekuwa mwanahesabu. Wako wasemao kwamba baada ya kufunguliwa samaki walikuwa wengi kuliko miaka iliyotangulia, na kwa hiyo dawa imefaa. Wako wajibuo kwamba hawakuona tofauti ila njaa ya miezi mitatu. Pande zote mbili husema kwa moyo mmoja, na pande zote mbili hutaja miaka ya nyuma kama shahidi.

Gazeti hili halitaki kuwa hakimu kati yao. Twataka kuuliza swali lililotangulia lile: wanaolinganisha, wanalinganisha nini na nini?

Tuanze na hilo fungu la Ilembo, kwa kuwa ndilo kipimo cha wengi. Fungu lina mambo mengi ndani yake ambayo si ya ziwa hata kidogo. Kwanza uko mwezi. Mvuvi wa dagaa huvua kwa taa, na taa haina nguvu mbele ya mbalamwezi. Kwa hiyo kila mwezi yako majuma ambayo vyombo hupumzika, na mlaji anayenunua katika majuma hayo hukuta bei imepanda bila ya kosa la mtu. Tena liko jua. Kilo moja ya dagaa wakavu ilikuwa kilo tatu au zaidi walipotoka majini, na kama mvua imenyesha wakati wa kuanika, mavuno mengi hugeuka kuwa uozo mwingi. Kisha iko barabara, na bei ya mafuta ya lori. Mwishowe yuko mnunuzi wa mbali: dagaa wa Tanganyika huliwa Dar es Salaam, na huvuka mpaka hadi Lubumbashi. Mfanyabiashara wa huko akifika mwaloni na fedha mkononi, dagaa hawatapita Ilembo hata kama ziwa limejaa pomoni. Mama wa Ilembo aliyeona fungu limekonda amesema kweli juu ya fungu. Juu ya ziwa hajasema kitu bado.

Kipimo cha pili ni cha mvuvi mwenyewe, naye hupima kwa chombo chake: usiku mmoja, wavu mmoja, ndoo au kreti kadhaa. Hiki ni kipimo bora kuliko fungu, lakini nacho kina mtego. Chombo cha leo si chombo cha jana. Wazee wa ufukoni walivua kwa senga na kinga cha moto wa kuni, karibu na nchi kavu. Baadaye zikaja karabai. Leo ni taa za betri zenye mwanga mkali, wavu mpana wa kuinua, na mashine inayompeleka mvuvi kilindini ambako baba yake hakuthubutu kwenda kwa kasia. Ikiwa mtu mwenye zana hizo zote anarudi na ndoo zile zile alizorudi nazo baba yake, hawezi kusema kwamba mambo yamebaki kama zamani. Yamepungua, ila upungufu umefichwa na mashine.

Na juu ya hayo yote iko idadi. Wataalamu waliolichunguza ziwa katika miaka ya 1990 walikadiria kwamba nchi zote nne zilikuwa na wavuvi karibu 45,000, na kwamba mavuno ya mwaka yalikuwa baina ya tani 165,000 na 200,000. Hesabu ya wavuvi ya mwaka 2011 ilikuta karibu 95,000. Msomaji achukue kalamu. Ili kila mvuvi wa 2011 apate sehemu ile ile aliyoipata mwenzake wa miaka ya 1990, ziwa lingepaswa kutoa si chini ya tani 345,000 kwa mwaka, na hakuna mavuno ya ziwa hili yaliyopata kuandikwa yakafika huko. Hapa ndipo watu wawili wanapoweza kubishana hadi usiku na wote wakawa wa kweli. Afisa hutazama jumla ya mwalo, akaona imeongezeka. Mvuvi hutazama ndoo yake, akaona imepungua. Tuchukue mfano wa kubuni tu: mwalo wenye vyombo 40 ulioleta tani 20 katika mwezi, na miaka kumi baadaye vyombo 80 vikaleta tani 24. Jumla imepanda. Lakini kila chombo kimeshuka kutoka kilo 500 hadi kilo 300, na katika hizo kilo 300 lazima yatoke mafuta, betri, deni la wavu na posho ya watu wanne au watano.

Hayo tunayoyasema yamekwisha kuonekana kwa jirani zetu, na yafaa tuyakumbuke, maana kumbukumbu ya uvuvi ni fupi kuliko ya kilimo. Katika miaka ya 1950 wafanyabiashara wa Kigiriki walianzisha huko Burundi uvuvi wa meli zenye nyavu kubwa za kuzungushia. Katika miaka ya 1960 uvuvi wa namna hiyo ukaanza pia Mpulungu, upande wa Zambia. Mwanzoni kule kusini nyavu zilijaa sangala, yaani wale samaki wakubwa walao wenzao, ndugu wa sangara wa Ziwa Victoria. Miaka michache tu ilipita, sangala wakubwa wakawa wa kutafutwa. Je, meli zilirudi mikono mitupu? La hasha. Zikahamia kwa mgebuka, ambaye ni mdogo wao katika ukoo ule ule, na kwa muda mrefu mgebuka akawa ndiye sehemu kubwa ya mavuno ya Mpulungu. Mtu aliyesoma jumla ya tani peke yake angeweza kuandika, mwaka baada ya mwaka, kwamba uvuvi unaendelea vizuri. Huko Burundi meli zilianza kushindwa kujilipa mwanzoni mwa miaka ya 1990, na baadhi zikahamia kusini.

Samaki waliobadilika majina ndani ya kreti ile ile ni habari kubwa kuliko uzito wa kreti. Ndiyo maana twasema, na twasema kwa mkazo, kwamba yeyote anayelinganisha kiangazi kimoja na kingine bila kueleza ni samaki gani, wa ukubwa gani, amelinganisha hewa.

Hasa katika jambo hili la kufunga ziwa, dagaa na mgebuka hawana budi kutenganishwa. Dagaa ni samaki wa haraka. Maisha yake hayazidi sana mwaka mmoja na nusu. Hukua na kuzaa ndani ya miezi, na huzaa karibu mwaka mzima, penye vipindi vya kuzaa zaidi. Ukimwachia nafasi ya miezi mitatu, ni jambo la akili kutarajia kwamba utamkuta amejaa. Lakini kujaa huko ni kama kujaa kwa mfuko ambao mtu hakuutumia kwa miezi mitatu: fedha zimo, wala si kwamba mshahara umeongezeka. Mgebuka ni mwingine. Huyo huhitaji miaka miwili au mitatu kabla ya kuzaa, na hula hao hao dagaa. Mgebuka mchanga aliyenusurika katika kiangazi cha 2024 hakuwa wa kupimwa Septemba ya mwaka ule. Alikuwa wa kupimwa 2026 au 2027, kama hakunaswa kabla kwa wavu wa macho madogo. Kwa hiyo waliotangaza ushindi katika wiki ya kwanza ya kufunguliwa walikuwa na haraka, na waliotangaza kushindwa katika wiki hiyo hiyo walikuwa na haraka vilevile.

Tena mwaka 2024 haukuwa mwaka wa kawaida wa kulinganishwa kwa wepesi. Mvua za msimu ule zilikuwa kubwa mno, na ziwa lilipanda hata likaingia katika nyumba na barabara za Bujumbura, Uvira na Kalemie. Maji yakipanda juu ya nyasi na matete ya ufukoni, samaki wanaozaa kando ya nchi kavu hupata mahali pa kuficha vifaranga vyao. Na wakati huo huo mchanga wa kuanikia dagaa humezwa. Basi aliyeona samaki wengi baada ya Agosti alione lipi kuwa chanzo, amri au mvua? Mwaka mmoja peke yake hauwezi kujibu. Wakazi wa Karema hawahitaji kufundishwa kwamba ziwa hupanda na kushuka. Boma walilolijenga Wabelgiji hapo mwaka 1879 liliwekwa karibu na maji. Mwaka mmoja kabla yake ziwa lilikuwa limepasua njia katika mto Lukuga, na kwa miaka iliyofuata maji yakaondoka yakaliacha boma nchi kavu.

Liko jambo jingine ambalo halionekani mwaloni wala mezani, nalo pengine ni kubwa kuliko yote. Chakula cha samaki wa kilindini hutoka chini. Katika miezi ya kusi, kuanzia Mei hadi Septemba, upepo huyasukuma maji ya juu kuelekea kaskazini, na katika ncha ya kusini maji baridi yenye rutuba hupanda kuchukua nafasi. Rutuba hiyo huotesha vimelea vidogo vya majani visivyoonekana kwa macho. Hivyo huliwa na wadudu wa majini. Wadudu huliwa na dagaa. Dagaa na mgebuka huliwa Ilembo. Sasa, maji ya juu yakipata joto huwa mepesi, yakaelea juu ya yale ya baridi kama mafuta, na upepo ule ule hauwezi tena kuyachanganya sawasawa. Uchunguzi uliotangazwa mwaka 2003 ulionyesha kwamba uoteshaji huo wa chakula ulikuwa umepungua kwa kiasi cha asilimia 20 hivi, jambo ambalo watafiti walikadiria kwamba lingeweza kupunguza samaki kwa asilimia 30. Mwaka 2010 wengine wakaonyesha, kwa kusoma tope la chini ya ziwa, kwamba joto la maji ya juu katika karne ya 20 lilikuwa kubwa kuliko wakati wowote katika miaka 1,500 iliyotangulia. Na mwaka 2016 ikaelezwa kwamba samaki walianza kupungua kabla hata ya uvuvi wa biashara kuanza.

Wako wataalamu wasiokubali kwamba joto libebeshwe mzigo wote. Husema kwamba wingi wa nyavu unatosha kueleza mengi. Ubishi huo ni wa halali na waachiwe wauendeleze. Lakini kwa msomaji wetu maana yake ni moja: kama sehemu ya upungufu imetokana na joto, basi hata ziwa likifungwa kila kiangazi halitarudi kuwa lile la mwaka 1960. Mvuvi aliyeahidiwa kwamba atarudishiwa ziwa la babu yake ameahidiwa kitu ambacho hakuna serikali duniani inayoweza kukitoa. Aliyeahidiwa kwamba hali haitaharibika upesi zaidi, huyo ameambiwa neno linaloweza kupimwa.

Tusije tukasahau nani alilipa. Mwenye chombo alipoteza mapato ya miezi mitatu, lakini chombo chake kilibaki pale pale juu ya mchanga, na Agosti alikishusha majini. Kibarua wa chombo hana chombo. Yeye hulipwa sehemu ya kile kilichovuliwa usiku, na usiku usio na uvuvi ni usiku usio na sehemu. Mama anayeanika dagaa, mbeba kreti, fundi wa nyavu, mpakiaji wa lori linalokuja Mpanda, mchuuzi mdogo wa Ilembo ambaye mtaji wake wote hubebwa katika karai moja: wote hao walikuwa wakilipia akiba ya taifa zima kutoka katika mifuko iliyo mitupu kuliko yote. Yasemekana kwamba kuna mashamba. Ni kweli, na wengi walilima; lakini katikati ya Mei si wakati wa kupanda mahindi katika nchi hii ambako mvua zimekwisha kuondoka, na mwenye kujua jembe anajua hayo. Mchuuzi alielekeza macho Rukwa kutafuta samaki wa huko, naye aliyezoea kula dagaa kila siku akala maharage.

Hatusemi haya ili kupinga ziwa kupumzishwa. Tunasema kwa kuwa mtu anayelipa ana haki ya kuonyeshwa hesabu. Mpaka sasa hesabu inayomfikia mvuvi ni maneno ya mkutanoni: samaki wameongezeka, bei imeshuka, zoezi limefanikiwa. Yawezekana ni kweli yote. Lakini mtu aliyekaa miezi mitatu bila posho haridhiki kwa neno „wameongezeka“, hutaka kujua wameongezeka kutoka wangapi hadi wangapi, kwa vyombo vingapi, na usiku ngapi. Akinyimwa hilo, mwaka unaofuata atashusha mtumbwi gizani bila taa, na hapo doria nzima haitamzuia.

Dawa ya jambo hili haina gharama kubwa. Vikundi vya usimamizi wa rasilimali za uvuvi viko katika mialo, na Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 inavitambua. Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi ina kituo chake Kigoma. Linalokosekana ni daftari lililo wazi. Twapendekeza kila mwalo wa Katavi uandike mambo manne tu: vyombo vilivyotoka usiku ule, saa vilizokaa majini, uzito wa dagaa peke yake na wa migebuka peke yao kabla ya kukaushwa, na urefu wa migebuka ishirini waliochukuliwa bila kuchaguliwa. Urefu ndio utakaosema ukweli mapema kuliko uzito, maana samaki huanza kuwa wafupi kabla hawajaanza kuwa wachache. Kisha ukurasa wa kila mwezi ubandikwe mahali pa kusomwa: ufukoni Ikola na Karema, na hapa Mpanda sokoni, ili mnunuzi wa Ilembo ajue kama fungu limekonda kwa sababu ya mwezi, ya lori, au ya ziwa.

Wako watakaosema kwamba wavuvi wataandika uongo, kwa kuogopa kodi. Wengine wataandika. Kwa hiyo daftari la uvuvi lisiwe daftari la ushuru, wala lisishikwe na mkono ule ule. Mtu mmoja akiwa ndiye mhesabuji na mtoza fedha, atapata hesabu ndogo siku zote, na atastahili. Kazi hiyo wapewe vijana wa mwalo waliomaliza shule, walipwe posho ya haki, na utepe wa fundi cherehani unatosha kumpima mgebuka.

Zambia, Burundi na Kongo nazo ziandike kwa namna hiyo hiyo, kupitia Mamlaka ya Ziwa Tanganyika iliyoko Bujumbura, ambayo msingi wake ni mkataba uliotiwa sahihi Dar es Salaam tarehe 12 Juni 2003. Dagaa anayezaliwa kusini huweza kuliwa kaskazini, na kiangazi kilichofungwa upande mmoja tu hakiwezi kulinganishwa na chochote. Daftari letu likianza usiku wa giza ujao, baada ya viangazi vitatu tutakuwa na kurasa za kutosha kumjibu mzee wa Ikola asemaye kwamba zamani walivua zaidi. Naye, kama alivyo haki yake, ataweza kuzishika kurasa hizo mkononi na kutuonyesha mahali tulipokosea.